Kwa Nini E Moja Imepinda

Vijana wangu wa mabango na kadi, shikamoo zenu zote nimezipokea. Tumaini huzisoma kwa sauti kila zinapoingia kwenye simu yake, nami nikiwa nimekaa kwenye benchi mlangoni pa ofisi yake naitikia marahaba kama mwendawazimu, maana wapita njia hawaoni ninamwitikia nani. Lakini ninyi hamji na shikamoo tupu. Mnakuja na lalamiko, na lalamiko lenyewe ni lile lile: kwenye fonti ya Brashi Tunduma kuna E moja mbovu.

Mmoja ameandika kutoka Iringa. Anasema alikuwa anatengeneza kadi, akaandika SHEREHE kwa herufi kubwa. E ya kwanza ikatoka safi, ya pili safi, ya tatu ikatoka "kama imepigwa na baridi ya Makambako." Hapo nilicheka mpaka nikakohoa. Mwingine, huyu adabu yake ni ya kutafuta, ameuliza kama aliyeandika hiyo E alikuwa amelewa. Hapana, mjomba. Sikuwa nimelewa.

Tumaini ni mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu wa kwanza. Fonti ameitengeneza yeye kwenye kompyuta yake, ila herufi ni za mkono wangu. Sasa anaandaa toleo jipya, na ameniambia akifika kwenye E atasimama anisubiri niseme: aiondoe au aiache. "Na hao watu uwajibu wewe mwenyewe, babu," alisema. "Mimi nikiwajibu nitaishia kulia, na hapa nina kazi za watu." Basi mimi nasema, yeye anachapa. Nitawajibu, lakini kwa urefu, maana jibu la mkato mtalisahau na kesho mtarudi na malalamiko yenu.

Mimi nilikuwa mwandika mabango hapa Tunduma, tangu kabla ya mashine za kuchapa mabango ya plastiki. Bucha, saluni, gereji, ukuta wa baa, ubavu wa lori, kibao cha mganga wa kienyeji, yote kwa brashi na rangi ya mafuta. Kwetu ni Itaka, kwenye kahawa, lakini kahawa ilinishinda mapema. Baba alilalamika kwamba nachuma punje mbichi na kuziacha zilizoiva kwa sababu macho yangu yako kwenye maandishi ya magunia. Alikuwa anasema kweli. Zile herufi nyeusi za kwenye gunia nilikuwa nazifuata kwa kidole mpaka kidole kinakuwa cheusi.

Aliyenifundisha kazi ni Fundi Sichone, Mnamwanga mfupi, mkali, mwenye nusu ya ndugu zake huku na nusu Nakonde, ng'ambo ya mpaka. Alikuwa akiandika huku anang'ung'unika nyimbo za kwaya, na ukimsemesha katikati ya ubeti hakujibu mpaka kiitikio kiishe. Mwanzoni hakunipa brashi kabisa. Alinipa uzi. Kazi yangu ilikuwa kuupaka uzi chaki, mimi nauvuta upande huu, yeye upande ule, tunaupiga ukutani kama waya wa gitaa, unaacha mstari mweupe. Nikamuuliza lini nitaandika. Akasema, "Ukiweza kupiga mstari ulionyooka." Nikampigia mstari, nikaupima kwa rula, umenyooka. Akautazama, akasema, "Rula imekubali, macho yamekataa. Ukuta wenyewe umelala. Futa."

Nilidhani ananionea. Baadaye ndiyo nikaelewa: nyumba zetu nyingi za tofali za udongo zimeegama kidogo, bati nalo lina mteremko wake, na mstari ulionyooka kwa rula juu ya ukuta ulioegama unaonekana umelewa. Unaupinda kidogo ili uonekane umenyooka. Ninyi mnaobandika mabango kwenye fremu za maduka ya zamani, lijaribuni hilo kabla hamjamlaumu fundi wa fremu.

Brashi nayo ilikuwa na mambo yake. Brashi mpya kutoka dukani haiandiki, inapaka. Tulikuwa tunaipunguza manyoya ya pembeni kwa wembe, kidogo kidogo, mpaka ncha inakaa kama kisu cha siagi. Jioni unaisafisha kwa tapentaini, unailaza kwenye oili chafu tuliyoomba gereji. Unailaza, huisimamishi. Brashi iliyosimama juu ya manyoya yake usiku mmoja imekufa, na Sichone alikuwa anaomboleza brashi kuliko anavyoomboleza baadhi ya watu.

Halafu kuna ile michirizi mnayoipenda, pale mkia wa R unapoishia kwa vinywele vinne vitano badala ya kukatika safi. Kijana mmoja aliandika kuuliza tulitumia programu gani kuipata. Tulitumia uchoyo wa rangi. Brashi inakuwa imekaribia kukauka, nawe unataka umalize herufi kabla ya kuchovya tena, maana kopo ni dogo na Sichone anakutazama. Basi inatoka michirizi. Wateja walikuwa wanaikataa, wanasema rangi haijakolea. Leo mnaitafuta kwa tochi.

Maeneo ya kazi yalikuwa mengi, lakini pazuri kuliko pote palikuwa kwenye foleni ya malori. Hapa kwetu lori linaweza kusubiri kuvuka hata siku kadhaa, dereva hana la kufanya, amechoka kulala na kucheza karata. Ukipita na ndoo ya rangi anakuita mwenyewe. Anataka jina la mwanawe mlangoni, au maneno ya kumtia moyo kule nyuma kwenye bodi. Kanuni ya Sichone ilikuwa moja: kabla hujachovya brashi, muulize wa lori la mbele kama karatasi zake zimetoka. Wa mbele akisogea, wote wanasogea.

Mimi siku moja sikuuliza. Dereva alikuwa anataka MUNGU NI MWEMA kwa herufi kubwa, nyekundu yenye kivuli cheusi. Nikaandika MUNGU, nikaandika NI, nikashuka kwenye ngazi kuchanganya rangi ya kivuli. Nikasikia injini. Kugeuka, foleni yote inatembea, ngazi yangu imeanguka, nakimbia na brashi mkononi nikipiga kelele, na madereva wengine wananishangilia kama mchezaji. Lori likaingia Zambia, likaenda zake Kongo.

Liliporudi, dereva alinitafuta soko zima. Akanikuta kwa mama lishe, nimeshika kijiko.

"Wewe fundi! Unajua ulichonifanyia? Kila kizuizi barabarani wananisimamisha. Askari anasoma nyuma, anakuja mbele, ananiuliza, 'Mungu ni nani?' Mimi nijibu nini? Mimi mchungaji?"

"Ulijibu nini?"

"Nilikuwa nawaambia wamuulize fundi wa Tunduma."

Nilimaliza neno lake siku hiyo hiyo, na kivuli nikakiongeza unene. Yule mama lishe alikuwa anacheka kiasi kwamba alimwaga maharage. Alikuwa mke wangu, Atuganile.

Atuganile alitoka Mbebe, kule Ileje milimani, alikuja Tunduma kwa dada yake akabaki. Shule aliishia darasa la nne, na vitabu hakuvipenda. Ila mwandiko wangu alikuwa anausoma kuliko mtu yeyote niliyemfahamu. Simaanishi maneno. Namaanisha hali. Anapita kwenye lori, anaangalia, jioni ananiambia, "Ile ya lori la bluu uliandika hujala." Au, "Kwenye ile bucha ulikuwa umegombana na Sichone, angalia ile K." Mara zote alikuwa amepatia, na mimi nilikuwa nachukia. Mtu unataka uwe na siri japo ndogo. Siku moja tumesimama mbele ya kibao cha kanisa nilichokuwa nimekimaliza, akasema, "Hapa kwenye N ulikuwa unaniwaza mimi." Nikamwambia nilikuwa nawaza ngazi isiteleze. Akasema, "Basi ulikuwa unatuwaza wote wawili."

Sasa nije kwenye misalaba, maana bila misalaba hiyo E hamtaielewa.

Huku kwetu, asubuhi ya mazishi, wakati vijana wanachimba kaburi na akina mama wako kwenye masufuria, seremala anapiga msalaba wa mbao, unapakwa rangi nyeupe, na mwandika mabango anaitwa aandike jina. Hakuna kudai malipo. Unapewa kiti, unapewa chai, na watu wanakaa mbali kidogo ili usisemeshwe. Ukimaliza, msalaba unatangulia mbele ya jeneza, umebebwa na mtu wa nyumbani. Nimeandika hivyo Itaka, Ruanda ya hapa Mbozi, Vwawa, Mlowo, hapa Tunduma. Ukitembea makaburi ya Mbozi utakutana nami mara nyingi kuliko unavyokutana nami barabarani.

Ugumu wake ni kwamba nyeupe imepakwa asubuhi ile ile, nyeusi inakuja juu yake, na ibada haisubiri rangi. Sichone alinifundisha kuchanganya na petroli badala ya tapentaini, na kuusimamisha msalaba upande wa meko, kwenye joto lakini nje ya moshi. Mara moja kule Ruanda mvua ilikuwa inanyemelea, mchungaji akaharakisha, msalaba ukabebwa ungali mbichi. Aliyeubeba alikuwa mtoto wa marehemu, mtu mzima, amevaa shati jeupe. Aliukumbatia kifuani njia nzima. Alipousimamisha kaburini, jina la baba yake lilikuwa limechapika kwenye shati, kinyumenyume.

Nilitamani niingie mimi kwenye lile shimo. Baada ya mazishi nikamfuata na kitambaa na chupa ya tapentaini, nikamwambia anisamehe, rangi ya mafuta ikiwahiwa inatoka. Akaangalia kifua chake muda mrefu, kama ndiyo kwanza anaona. Akasema, "Iache, fundi. Hili silifui." Mke wake ameniambia shati hilo bado wanalo, limekunjwa kwenye sanduku.

Mkono wangu ulianza kutetemeka kidogo kidogo. Kwanza kwenye herufi ndogo, halafu kwenye kikombe cha chai. Daktari akanipa dawa na akanitajia jina la ugonjwa, jina refu, nikamwambia hilo hata zamani nisingeweza kuliandika. Wakati huo huo mashine za mabango ya plastiki zikaingia mjini, na watu wakadhani ndizo zilizonistaafisha. Niliwaacha wadhani hivyo. Kushindwa na mashine kulikuwa na heshima kuliko kushindwa na kikombe cha chai.

Halafu Atuganile akafariki. Tulimpeleka nyumbani, Itaka. Asubuhi seremala akaja na msalaba mweupe akauweka mbele yangu, na hakuna aliyeuliza nani ataandika, maana hilo lilikuwa linajulikana. Nikachovya brashi. Nikaanza A. Ikatoka kama njia ya mchwa. Nikaifuta, nikaanza tena. Nikafuta, nikaanza, mpaka ile nyeupe ya chini ikatoka na mbao ikaonekana. Watu wote walikuwa wanatazama pengine, na najua walikuwa wanatazama pengine kwa makusudi. Mwisho shemeji yangu alikuja akachuchumaa, akaichukua brashi mkononi mwangu.

Kijana wa bodaboda akatumwa mjini. Akarudi na herufi za plastiki za kubandika, zimekatwa na mashine. Zikabandikwa. Hazikuwa na kosa lolote, na hilo ndilo lililoniuma. Mvua za kwanza zikaanza kuzing'oa. T ikainama, G ikadondoka kwenye udongo, N ikafuata. Nilikuwa nikienda nazibandika upya kwa kidole gumba, nikirudi tena zimeanguka. Mtu aliyeandika wafu wa nusu ya Mbozi, mke wake amelala chini ya stika. Niliona aibu. Aibu hiyo nilikuwa nalala nayo na kuamka nayo.

Ni wakati huo Tumaini aliponijia na habari za fonti. Amesomea michoro, ana ofisi yake hapa, anachapa fulana, kadi, mabango. Alikuwa amechoshwa. "Babu, sote tunatumia fonti zile zile za brashi kutoka nje. Ukitoka hapa mpaka Mwanza, harusi zote zimeandikwa na mtu mmoja, na mtu mwenyewe hatumjui. Nataka ya kwako."

"Unataka kunichukua mkono, mimi nibaki na nini?"

"Utabaki na mimi, mume wangu." Ndivyo tunavyotaniana, kama babu na mjukuu wanavyotaniana.

Nilimkatalia. Usiku sikupata usingizi, na asubuhi nilimwambia nimekubali. Sababu sikumficha. Nilimwambia sina haja na harusi za Mwanza. Nataka jina moja, la bibi yake, kwa mkono wangu, juu ya mbao. Akisha kunipa hilo, zilizobaki afanye atakavyo.

Akanipa karatasi nzuri, brashi, wino. Herufi zote zikatoka na mtetemo, na nikazikanyaga. Yeye hakukasirika. Aliziokota, akazitazama, akauliza, "Babu, mabango yako ya zamani yako wapi?" Swali hilo mimi mwenye mabango nilikuwa sijajiuliza. Tukaanza kuyatafuta, yeye na kamera yake, mimi na kumbukumbu yangu.

Safari ya kwanza ilikuwa Nakonde, kwa Bana Chanda, mama wa Kizambia ambaye ana duka la mitumba. Wenyewe wanaiita salaula, na ndivyo nilivyomwandikia zamani juu ya mlango: SALAULA. Alipoona nimesimama chini ya kibao akatoka nje akinisalimia Kibemba, kwa wingi wao wa heshima.

"Ba fundi! Mulishani mukwai? Mbona mmezeeka hivi?"

"Hata kibao chako kimezeeka."

"Kibao kikizeeka mimi nakipenda. Ninyi mkizeeka mnakuja kukiiba? Awe, hapana! Haking'olewi."

Tumaini akamweleza ni picha tu. Akakubali, lakini kwanza akakipangusa vumbi kwa sweta la mteja, na akataka na yeye aonekane kwenye picha. Alipoambiwa jina ninalotaka kuliandika, aliacha kujipanga kwa ajili ya picha. Alikuwa amekula maharage ya Atuganile kila siku ya soko. Akaingia ndani, akatuletea kiti mimi nisimame juu yake nielekeze, kisha akakumbuka umri wangu akapanda yeye.

Tumaini akarudi na picha ofisini, akachora ukingo wa kila herufi kwenye kompyuta, siku mbili tatu hivi. Akaniita. Ameandika SALAULA kwenye kioo, kubwa. Nikatazama. Kuna kitu kilikuwa kinaniudhi, nisikijue ni nini.

"Hii si yangu," nikasema.

"Babu, nimeipiga picha mbele yako."

"Hizi A ni moja. Umechukua A moja ukaipanga mara tatu. Mkono hauandiki hivyo. A ya kwanza brashi imeshiba, ya katikati inabanwa na L, ya mwisho unaona mwisho umefika unaiachia miguu. Hii umeandika na mhuri."

Nilitegemea atabisha. Alirudi kwenye ile picha, akazipima A zote tatu. Kisha akasema inawezekana: ataweka tatu za kila herufi, na kompyuta itazibadilisha kwa zamu mtu anapochapa. Kazi itakuwa mara tatu, na itabidi tupate mabango zaidi. Ndiyo maana fonti yenu inaonekana hai, na ndiyo maana pia ilichelewa. Lile wazo la zamu ni lake, mimi nilijua kulalamika tu.

Basi tukazunguka. Ruanda tulikuta bango la MASHINE YA KUSAGA limekuwa mlango wa banda la kuku, na mwenye mashine akatuambia tuwe wapole, kuku wake wanasoma wakati wa kulala. G ilikuwa na tundu la msumari katikati. Tumaini aliitibu kwa kipande cha C. Itaka nilijua bucha moja ilikuwa na jina ukutani, tukakuta imepakwa chokaa, nyeupe tupu. Nikakata tamaa. Tumaini akaomba ndoo, akaumwagia ukuta maji, na chokaa ilipolowana herufi zangu zikajitokeza chini yake, BUCHA YA ITAKA, kama zilikuwa zinasubiri kuitwa. Alipiga picha haraka kabla jua halijazikausha. T yenu imetoka hapo. Q na X sikuwahi kuziandika mahali popote, hakuna aliyeniagiza. Hizo Tumaini amezitunga mwenyewe kwa kufuata mkono wangu. Nimezitazama sana. Kama ningeziandika, ningeziandika hivyo.

Jioni moja akaniita tena. Akabonyeza herufi moja moja: ATUGANILE. A mbili, kila moja na miguu yake. U ya kwa Bana Chanda, G ya kuku, T ya chini ya chokaa. Ule ulikuwa mkono wangu wa miaka ile, mkono alioujua. Nililia pale ofisini, mbele ya mteja aliyekuja kuchukua fulana zake.

Tukaenda Itaka, tumebeba msalaba mpya. Tumaini alikuwa amechapa jina kwenye karatasi kwa ukubwa wake. Nikamwonyesha njia ya Sichone: unatoboa ukingo wa herufi kwa sindano, vitundu vingi vidogo, unaiweka karatasi juu ya mbao, unaigongagonga kwa kitambaa chenye unga wa mkaa. Ukiiondoa, jina limebaki kwa nukta. Halafu unajaza rangi. Brashi nikampa yeye, ile yangu ya zamani. Nilikuwa nimekaa pembeni namkaripia: ishike mbali kidogo, pumua, kidole cha mwisho kiegemee kwenye mbao. Aliandika vizuri. Alipomaliza L akasimama, akanyoosha brashi kwangu.

"E ni yako, babu."

Nikakataa. Akaendelea kuinyoosha. Nikaichukua, nikaushika mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto, nikafuata zile nukta. Mgongo wa E ulitoka mzuri. Mkono wa juu ukatikisika ukatoka nje ya nukta, wa kati ukapanda, wa chini ukashuka. Nilipomaliza nilikuwa na jasho. Tumaini alikuwa amekwisha kuchovya kitambaa kwenye tapentaini, amekishika, ananitazama machoni.

"Nifute?"

Nikaitazama. Herufi nane za mkono wangu wa zamani, na moja ya mkono huu. "Usifute," nikamwambia. "Bibi yako akiiona atajua niliiandika katika hali gani."

Akakunja kitambaa. Kisha akatoa kamera akapiga picha, nami nikadhani ni ya kumbukumbu.

Sikujua zaidi ya hapo mpaka ulipoingia ujumbe wa yule wa Iringa na SHEREHE yake. Nikamuuliza Tumaini, E gani hiyo wanayosema? Akanigeuzia kompyuta. Alikuwa amepata E mbili nzuri kwenye mabango yote tuliyozunguka, ya tatu hakuipata, akaweka ile ya msalabani. Hakuniambia kwa kuogopa nitamkataza. Labda ningemkataza.

Sasa ameacha kuchapa, ananitazama, toleo jipya limefika kwenye E. Tumaini, iache. Mwenye mteja asiyeitaka, fonti inaruhusu kuchagua E nyingine kwa mkono. Mwandikie Tumaini akuelekeze, hatakuuma. Ila isiondolewe.

Mke wangu angeitazama tu akajua. Ninyi imebidi niwaeleze.